Miaka Minne Juu ya Barafu

Mimi ni fundi wa mitambo ya ubaridi. Wenzangu wakiingia kwenye ukumbi wa hoki ya barafu hutafuta viti vyao. Mimi natafuta mlango wa chumba cha mashine. Nataka kujua kompresa ni ya mwaka gani, wanatumia amonia au hizi gesi mpya, na pampu ya maji ya chumvi inatoa mlio gani. Kazi hii niliianza Tanga, kwenye kiwanda cha barafu ya wavuvi, na sasa naifanyia jimbo la New York, upande wa kaskazini ambako theluji huanguka hadi mtu ukasahau rangi ya gari lako. Kwa hiyo ligi ninayoielezea hapa naijua kuanzia chini kwenda juu. Mabomba kwanza, mabao baadaye.

Iliitwa North American Hockey League. Ilianza mwaka 1973 na kufa mwaka 1977. Misimu minne, basi. Vitabu vya historia ya hoki huipa ukurasa mmoja, pengine nusu. Lakini miji yake inatuhusu. Syracuse, Utica, Erie, Lewiston: leo ukipanda basi la mjini katika yoyote kati ya hiyo, usishangae ukisikia Kiswahili kiti cha nyuma. Kuna Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu waliopitia Dadaab na Kakuma, na sisi wengine tuliokuja kwa njia zetu. Wengi walipelekwa huko kwa kuwa nyumba ni za bei nafuu, na nyumba ni za bei nafuu kwa kuwa viwanda vilifungwa na wenyeji wakahama. Kuhama huko kulikuwa kumeshaanza ligi hii ilipozaliwa, na kuna mkono wake katika kifo chake.

Kwa aliyezoea soka, mchezo wenyewe uko hivi. Watu 6 kwa 6, kipa akiwemo, juu ya kiwanja chenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, kimezungushiwa ukuta mfupi ili mchezo usitoke nje. Mahali pa mpira kuna paki, kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi kisije kikawa kinadundadunda. Vipindi ni 3, kila kimoja dakika 20. Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, kwa sababu kasi ile hummaliza mtu pumzi kabla dakika haijatimia. Halafu kuna ngumi. Kwenye soka ukimpiga mwenzako ngumi, kadi nyekundu, safari imekwisha. Kwenye hoki ya Amerika Kaskazini unakwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika 5, unafuta damu, unarudi kucheza. Dakika hizo zinaandikwa kwenye takwimu zako sambamba na mabao, na miaka ya 1970 kulikuwa na vijana walioajiriwa kwa ajili ya safu hiyo tu.

Sasa barafu. Ukumbi wa hoki ni friji iliyolazwa chali. Chini ya sakafu ya zege yamepita mabomba yaliyobanana, na ukiyanyoosha yote yanakuwa safari ya kilomita nyingi. Ndani yake yanazunguka maji ya chumvi yaliyopozwa hadi nyuzi kama 9 chini ya sifuri. Chumvi ndiyo inayoyazuia yasigande yakiwa bombani. Zege likishapoa unaanza kunyunyizia maji, tabaka jembamba kama karatasi, unasubiri ligande, unanyunyizia jingine. Ukiwa na haraka ukamwaga mengi kwa mkupuo, barafu inatoka na mapovu na nyufa. Tabaka za kwanza zikishakaza unapaka rangi nyeupe, maana barafu yenyewe haina rangi na paki jeusi juu ya zege la kijivu halionekani. Kisha mistari myekundu na ya buluu, kisha maji tena, hadi unene wa sentimita 2 au 3. Kati ya vipindi hupita gari lile kubwa alilolibuni Frank Zamboni huko California mwaka 1949: linakwangua uso uliochanwa na viatu na kumwaga maji ya moto nyuma yake. Ya moto, naam, kwa sababu hayo huyeyusha kidogo uso wa chini na kushikana nao vizuri.

Tulichokuwa tukifanya Tanga ni kazi ile ile. Kompresa inasukuma amonia, amonia inapoza maji ya chumvi, maji ya chumvi yanazunguka makopo ya bati yaliyojazwa maji safi mpaka yanakuwa mabonge, mvuvi analipa na kupakia chomboni. Barafu ya Tanga iliuzwa kwa bonge. Ya huku inauzwa kwa kiti. Hapo ndipo penye hatari ya biashara hii. Bonge lisipouzwa leo, kesho nilikuwa napunguza uzalishaji. Kompresa ya ukumbi wa hoki haijui kama viti vimejaa au vitupu. Inakula umeme ule ule.

Jambo jingine la kulielewa kabla hatujaenda mbali ni maana ya ligi ndogo. Nyumbani timu ya daraja la chini ikishinda inapanda. Ukiwa na bahati na kocha mzuri, mwaka kesho unawakaribisha Simba na Yanga kwenye uwanja wako wa mchanga. Marekani na Kanada hakuna kupanda wala kushuka. Ligi kuu, NHL, ni jamii ya matajiri, na timu huingia humo kwa kununua nafasi. Chini yao wako wadogo, ambao wengi huishi kwa mkataba na timu kubwa: mkubwa analeta vijana na kubeba mishahara yao, mdogo anatafuta ukumbi, basi na watazamaji. Mkubwa akimhitaji mchezaji anapiga simu usiku, asubuhi kijana yuko uwanja wa ndege na jezi yake imeshapewa mwingine. Uchukue ubingwa, ubaki ulipo. Mkubwa afilisike, nawe umefilisika, hata kama ukumbi wako ulijaa.

Hadi mwaka 1967 NHL ilikuwa na timu 6. Mwaka huo ikaongeza nyingine 6 kwa mpigo, na haikuishia hapo. Mwaka 1972 wakatokea wapinzani, World Hockey Association, kwa kifupi WHA, na timu 12 na pesa za kurusha ovyo. Ukijumlisha ligi zote mbili, msimu wa 1974–75 kulikuwa na timu 32 zilizojiita kubwa, pale ambapo miaka michache nyuma zilikuwa 6. Wachezaji waliokuwa wakilipwa vijisenti vijijini wakajikuta na mikataba mizito, na ligi za chini zikanyonywa. Papo hapo timu hizi mpya zikahitaji mahali pa kulelea vijana wao. Eastern Hockey League, ligi kongwe ya mashariki iliyokuwepo tangu miaka ya 1930 na iliyosifika kwa ubabe, ikapasuka mwaka 1973. Timu za kusini zikaunda Southern Hockey League. Za kaskazini zikaunda hii yetu, na kombe lake likapewa jina la Lockhart, mzee aliyeiendesha ile ya zamani kwa miaka mingi.

Zilikuwa timu 7 mwanzoni; Erie na wengine waliingia baadaye. Johnstown Jets wa Pennsylvania. Syracuse Blazers, Mohawk Valley Comets wa Utica, Broome Dusters wa Binghamton na Long Island Cougars, wote wa jimbo la New York. Cape Cod Cubs wa Massachusetts. Na Maine Nordiques wa Lewiston. Kutoka Lewiston hadi Johnstown ni kama kilomita elfu moja kwa barabara, na wao walikwenda kwa basi, wakati wa majira ya baridi. Na ligi ilianza Oktoba 1973, mwezi ule ule ambao Waarabu walifunga mabomba ya mafuta na bei ya dizeli ikapaa. Mtu aliyechagua wakati mbaya zaidi wa kuanzisha biashara ya mabasi simjui.

Syracuse walichukua kombe la kwanza, mwaka 1974. Walikuwa na mtu anaitwa Bill Goldthorpe, mwenye nywele za kimanjano zilizosimama kama kichaka, na sifa zake zilitangulia basi la timu mjini. Lakini nisiwazungumzie Syracuse. Ligi hii ukiitaja mbele ya mtu wa hoki, anafikiria mji mmoja tu.

Johnstown umekaa kwenye bonde jembamba mahali mito miwili inapokutana, na kwa zaidi ya miaka mia uliishi kwa chuma. Bethlehem Steel ndiye aliyekuwa mwajiri, mwenye mabomba ya moshi, na kwa namna fulani mwenye mji. Ukumbi wao, Cambria County War Memorial, ulifunguliwa mwaka 1950 na unaingiza watu kama elfu nne. Mfanyakazi aliyetoka zamu kwenye tanuru alikuwa anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye mechi.

Mwaka 1974 waliletwa pale ndugu watatu, Jack, Steve na Jeff Carlson, kutoka mji wa Virginia, Minnesota. Huko kwao ndiko kunakochimbwa madini ya chuma yanayolisha viwanda kama vya Johnstown, kwa hiyo vijana hao walifuata njia ile ile ya madini. Walikuwa mali ya Minnesota Fighting Saints wa WHA, na pamoja nao alikuwapo beki Dave Hanson. Warefu, miwani minene, ngumi nyepesi. Usiku mmoja huko Utica shabiki alimrushia Jeff kikombe cha barafu usoni. Jeff akaruka ukuta kuingia kwenye viti kumtafuta, Jack na Steve nyuma yake, na mechi ilipoisha polisi wakawachukua wote watatu.

Ukumbi wa Utica nimeuingia, na kila nikiuona huwa natazama juu kwanza, jambo ambalo si kawaida yangu. Paa lake linashikiliwa na nyaya za chuma zilizovutwa kama matairi ya baiskeli yanavyoshikwa na spoku, hakuna nguzo hata moja katikati, na ulipofunguliwa karibu na mwaka 1960 wahandisi walikuja kuushangaa. Bila nguzo, kila mtu anaona kila kitu. Aliyerusha kikombe alikuwa na uwanja wazi wa kulenga.

Sitaki kuufanya ubabe huo uonekane mtamu kuliko ulivyokuwa. Katika mchujo mmoja Jets walikutana na Buffalo Norsemen, timu iliyodumu msimu mmoja tu, ikicheza kitongoji cha North Tonawanda. Jets walikuwa na mchezaji mweusi, na miongoni mwa mashabiki wa Norsemen likainuliwa bango la kumtukana kwa rangi yake. Mechi iliyofuata, timu zilipotoka tu kupasha misuli, Jets wakawavamia wenzao kabla filimbi haijalia. Vita ilipotulizwa, Norsemen walikataa kutoka chumba cha kubadilishia nguo, wakapoteza mechi na mchujo wote. Watu hulisimulia tukio hili kwa kucheka. Mimi nafikiria yule kijana mmoja mweusi, kwenye ukumbi mzima, akilisoma lile bango huku akiendelea kucheza.

Msimu wa 1974–75 Jets, chini ya kocha Dick Roberge, walimaliza katikati ya msimamo, kisha kwenye mchujo wakawaka moto. Fainali waliwafunga Broome Dusters wa Binghamton na kuchukua kombe la Lockhart. Ndani ya kikosi hicho alikuwemo kijana aliyesoma chuo, Ned Dowd. Usiku mmoja alimpigia simu dada yake, Nancy, mwandishi wa michezo ya filamu, akamwambia kwamba timu inauzwa. Dada akamuuliza swali la kawaida kabisa: mmiliki ni nani? Ned hakujua.

Fikiria hilo. Mtu anavunjwa meno kila wiki kwa ajili ya timu, na hajui ni ya nani. Nancy Dowd akafunga mizigo akaenda Johnstown. Akampa kaka yake kinasa sauti, naye akawa anarekodi maongezi ya wachezaji kwenye basi na kwenye chumba cha kubadilishia nguo, matusi na yote. Kutoka kwenye kanda hizo ikatoka filamu ya Slap Shot, iliyoongozwa na George Roy Hill na kuchezwa na Paul Newman kama kocha-mchezaji aliyechoka, anayejaribu kuiokoa timu kwa kuigeuza genge la wapiganaji. Filamu ilipigwa Johnstown kwenyewe mwaka 1976, na sehemu nyingine Syracuse na Utica. Timu ikaitwa Charlestown Chiefs. Ndugu Carlson wakawa ndugu Hanson, na Goldthorpe akawa Ogie Ogilthorpe, mhusika ambaye Ned Dowd mwenyewe ndiye aliyemwigiza. Wakosoaji wa wakati ule waliposikia lugha iliyomo humo na kisha kugundua kwamba mwandishi ni mwanamke, walishindwa waanzie wapi kulalamika. Miaka miwili baada ya filamu kutoka, Nancy alishiriki tuzo ya Oscar kwa filamu nyingine, Coming Home.

Kuna jambo dogo kuhusu filamu hiyo ambalo kwangu linaeleza ligi nzima. Wale ndugu watatu wa kwenye skrini ni Steve Carlson, Jeff Carlson na Dave Hanson. Jack hayumo. Februari 1976, wiki chache kabla ya kamera kufika, Fighting Saints walifilisika katikati ya msimu. Jack alikuwa ameshapandishwa kwao. Akachukuliwa na timu ya Edmonton, na Hanson akapewa nafasi yake ya ndugu wa tatu. Timu moja ya Minnesota imeshindwa kulipa mishahara, na kilomita zaidi ya elfu moja mbali mkono uliokuwa ukiwaletea Jets wachezaji unakatika. Johnstown hawakufanya kosa lolote.

Filamu imeuza sura ya ligi ya wahuni, na uhuni ulikuwepo, lakini humo humo ndimo lilimofanyika jambo ambalo hoki ya kulipwa haikuwa imewahi kuliona. Msimu wa 1975–76 iliingia timu kutoka Kanada, Beauce Jaros, ya mji mdogo wa Saint-Georges huko Quebec, bonde la watu wanaozungumza Kifaransa. Alikuwepo Joe Hardy, ambaye NHL walikuwa wamemjaribu na kumwacha. Katika michezo 72 alifunga mabao 60 na kutoa pasi za mabao 148. Hoki hujumlisha yote mawili, kwa hiyo ni pointi 208, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuvuka 200 kwenye ligi yoyote ya kulipwa. Wayne Gretzky, ambaye dunia nzima inamjua, alivuka 200 kwenye NHL msimu wa 1981–82, akiwa na 212. Gretzky amejengewa sanamu. Hardy ni jibu la maswali ya chemsha bongo.

Jaros walimaliza juu ya msimamo mwaka ule, wakapoteza fainali kwa Philadelphia Firebirds. Msimu uliofuata hawakufika hata Krismasi. Walifunga timu Desemba 1976, katikati ya ratiba. Cape Cod nao walikuwa wamekatika njiani mapema mwaka huo huo. Long Island waliondoka kabla yao. Ukitazama ratiba za ligi hii zilizochapishwa Oktoba na kuzilinganisha na mechi zilizochezwa hadi Machi, unaona mashimo.

Lewiston wana kisa chao. Ni mji wa viwanda vya nguo, wenyeji wengi ni wajukuu wa Wafaransa wa Quebec waliokuja kufuma pamba, ndiyo maana timu ikaitwa Nordiques kama ile kubwa ya Quebec iliyokuwa mlezi wao. Ukumbi waliochezea ndio ule ule ambamo Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza tarehe 25 Mei 1965, katika pambano lililokimbizwa kutoka Boston na kuishia pale mbele ya watu 2,434 tu. Kila mtu ameiona ile picha, Ali amesimama juu ya Liston akimfokea ainuke. Ilipigwa juu ya sakafu iliyokuwa kiwanja cha hoki. Oktoba 1974, Ali alipokuwa Kinshasa akimmaliza Foreman, Nordiques walikuwa kwenye msimu wao wa pili chini ya paa lile lile. Siku hizi ukipita Lewiston utakuta maduka ya Wasomali kwenye mtaa mkuu, na shule ya sekondari ya mji ilichukua ubingwa wa soka wa jimbo la Maine mwaka 2015 kwa mabao ya vijana waliotoka kambi za Kenya. Hoki ilikuwa mchezo wa waliokuja na pamba. Waliokuja baadaye walikuja na wao.

Mzee aliyenikabidhi funguo za chumba cha mashine nilipoajiriwa alikuwa shabiki wa Comets ujanani. Nilimuuliza kwa nini ligi ilikufa, na hakutaja ngumi wala mabao; alitaja bili. Nadhani alikuwa sahihi kuliko wanahistoria. Hakukuwa na pesa ya televisheni. Kilichoingia ni tiketi, bia na soseji. Kilichotoka ni kodi ya ukumbi, dizeli, magongo yanayovunjika kila usiku, hospitali, na mishahara ya wale ambao timu kubwa haikuwalipia. Pengo liliposhindwa kuzibwa, aliyetegemewa ni WHA, na WHA yenyewe ilikuwa inatapika damu. Miji nayo ilikuwa inapoteza watu wenye mishahara. Ukumbi wa Binghamton ulikuwa mpya na ulijaa, watu wakiwapenda Dusters kufa. Hata hivyo ligi ni kama mnyororo, kwani ukijaa Binghamton halafu mpinzani wako wa Jumamosi amefilisika Alhamisi, huna mechi ya kuuza.

Mwisho ulipokuja, wenye afya ndio walioondoka kwanza. American Hockey League, iliyo ngazi moja juu, nayo ilikuwa hoi mwaka 1977 na ikihitaji miji. Ikawatwaa Firebirds. Timu yake ya Rhode Island Reds ikahamia Binghamton na kuvaa jina la Dusters. Portland, umbali mfupi kutoka Lewiston, ikapewa timu mpya, Maine Mariners, na jimbo lenye watu wachache vile halikuweza kulisha timu mbili. Syracuse walikuwa wametoka kuchukua kombe lao la pili, na hawakuwa tena na mtu wa kucheza naye.

Johnstown walimalizwa na mto. Slap Shot ilitoka Februari 1977. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Julai mwaka huo mvua ilikaa juu ya bonde bila kusogea, mabwawa yakapasuka, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mji huo ulikuwa umeshazama mwaka 1889, watu zaidi ya 2,200 wakapotea, na tena mwaka 1936. Maji yaliingia kwenye ukumbi na kuharibu mtambo wa kutengenezea barafu.

Maji ya mafuriko nayajua. Ukisikia mtambo umelowa unaweza kudhani ni suala la kuukausha. Yale ni tope, mafuta ya magari, maji ya vyoo na mchanga laini unaopenya hadi kwenye beringi. Mota ya umeme iliyozama inabidi ifunguliwe, nyaya zake zisukwe upya. Swichi na paneli unatupa. Kompresa ikiwa imeingiwa na maji ndani, mafuta yake yamegeuka uji mweupe, na kila vali lazima itolewe kwa mkono, isafishwe, ipimwe. Ni kazi ya miezi kwa mtu mwenye pesa na vipuri. Johnstown, Julai 1977, watu walikuwa wanatafuta maiti na kujenga upya madaraja. Viwanda vya chuma vilikuwa vinahesabu hasara na kupunguza wafanyakazi kwa maelfu. Hakuna diwani ambaye angesimama kudai kompresa ya hoki. Jets hawakurudi. Miaka sita baadaye ukosefu wa ajira mjini humo ulipita asilimia 20, ukawa miongoni mwa viwango vibaya zaidi Marekani nzima.

Barafu ilirudi kwa vipande. Kulikuwa na ligi nyingine ndogo kuanzia 1978, ikabadili jina, ikafa, ikazaa nyingine, nayo ikafa mwaka 1987. Mwaka 1988 mabaki yakakusanyika kuwa East Coast Hockey League, yenye timu 5, Erie na Johnstown zikiwemo. Hiyo ipo hadi leo, na imekuwa kubwa. Timu ya Johnstown ikaitwa Chiefs, jina lililotoka kwenye filamu, na kocha wao wa mwanzo katika ligi hiyo alikuwa Steve Carlson. Mji uliokuwa umeigizwa ukaanza kuiga uigizaji. Walidumu hadi 2010, walipohamishiwa South Carolina kunako pesa na joto.

Na jina la North American Hockey League halikuzikwa. Linatumiwa na ligi ya vijana wasiozidi miaka 20, ambao hawalipwi mshahara na wanacheza wakitumaini kuonwa na vyuo vikuu. Mwaka 2012 Johnstown walipata timu humo, Tomahawks, inayocheza War Memorial ile ile. Mwaka 2019 Lewiston nao wakaingiza timu kwenye ligi hiyo, wakaipa jina la Maine Nordiques. Hata kwetu Afrika Mashariki mchezo umefika: Nairobi sasa kuna timu ya hoki ya barafu, Ice Lions, wanaofanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo ndani ya hoteli ya Panari. Kiwanja hicho kiliwahi kuzimwa kwa muda kikawashwa tena, na mtu wa kwanza ambaye ningependa kukutana naye pale ni fundi wake.